Mbegu Isiyo na Chakula: Ginsi Orkide Zinavyooteshwa Ndani ya Chupa

Mwalimu wa elimu ya mimea, akitaka kufundisha maana ya mbegu, hutwaa punje ya haragi iliyolowa maji usiku kucha, anaipasua mbele ya wanafunzi. Kila mtu anaona vipande viwili vinene, vyeupe, na katikati yake mmea mdogo wenye kimzizi na vijani viwili. Vile vipande vinene ni posho ya njiani: mtoto atakula hiyo mpaka mzizi wake umeshika udongo na majani yake yameona jua. Punje ya hindi ni vilevile, na karanga vilevile. Nasi wenyewe twala posho hiyo kila siku, tukimnyang'anya mtoto wa mmea chakula alichowekewa. Basi wengi wetu tumetoka darasani na wazo hili: mbegu ni mtoto pamoja na chakula chake.

Wazo hilo ni kweli kwa karibu mimea yote tunayolima. Lakini iko jamaa moja ambayo mbegu zake hazina posho hata kidogo, nayo si jamaa ya kudharauliwa: wataalamu wamehesabu aina zake zipatazo 28,000, na aina hizo zinakaa katika nchi zote za dunia isipokuwa zile za barafu ya daima. Ndiyo jamaa ya orkide. Katika makala hii twataka kueleza mbegu hizo huotaje porini, na watu wamewezaje kuziotesha ndani ya chupa, pasipo udongo. Habari hii ina faida mbili kwetu. Kwanza yatufundisha kuwa waangalifu na neno "sababu", tunalolitumia sana katika masomo ya filosofia. Faida ya pili ni ya chakula, tena chakula cha huku kwetu Katanga. Tutaifikia mahali pake.

Msomaji asidhani kwamba orkide ni maua ya Wazungu, ya kupamba meza tu. Mwenye kupita katika misitu yetu anaziona juu ya matawi ya miti mikubwa, mizizi yake myeupe ikining'inia hewani. Watu husema kwamba zinaunyonya mti, sivyo. Zinakaa juu ya mti kama mgeni akaaye juu ya baraza, hazili kitu cha mwenye nyumba. Nyingine zinaota chini, katika majani ya mbuga na mabonde yenye maji, na hizo zina viazi chini ya udongo. Na vanila, ile yenye harufu nzuri wanayoilima siku hizi kule Ituri na Kivu Kaskazini, ni orkide pia, yenye kutambaa juu ya mti.

Sasa tutazame mbegu yenyewe. Ua la orkide likiisha kuzaa, huacha mfuko mrefu kidogo, kama kidole. Mfuko huo ukikauka hupasuka, nazo mbegu hutoka kama vumbi, au kama unga uliopeperushwa na upepo wa mlango. Mtu asiyejua atasema, "Ua hili limeoza, limekuwa vumbi." Chini ya mikroskopi vumbi hilo laonekana kuwa mbegu maelfu kwa maelfu. Kila moja ina ganda jembamba kama wavu, lenye hewa ndani, na katikati ya wavu huo kidonge kidogo sana. Kidonge hicho ndicho mtoto. Hana mzizi, hana jani; hana unga wala mafuta ya kumtosha siku chache. Mbegu nyingi hazifiki milimetri moja kwa urefu, na mfuko mmoja wa aina fulani za Amerika waweza kuwa na mbegu zaidi ya milioni tatu.

Charles Darwin wa Uingereza alihesabu jambo hilo kwa uvumilivu katika kitabu chake cha mwaka 1862 juu ya orkide. Alichukua orkide moja ya kawaida ya mbuga za kwao, akakadiria mbegu za mfuko mmoja, akapata 6,200. Mmea mzima ulikuwa na mifuko thelathini, hivi jumla ilikuwa kama 186,300. Kiisha akafanya hesabu ya wana na wajukuu: kama mbegu zote zingeota na kukua, vitukuu vya mmea mmoja vingekaribia kuifunika nchi kavu yote ya dunia. Lakini nchi haikufunikwa. Orkide hiyo haiongezeki mno. Basi mbegu karibu zote zinakufa. Kwa nini? Darwin hakuweza kulijibu swali hilo.

Hapa twataka kuingiza neno moja, kwa sababu makatekista wametuuliza zaidi ya mara moja. Bwana Yezu alisema katika Evanjili kwamba punje ya haradali ni ndogo kuliko mbegu zote. Na mbegu ya orkide ni ndogo kuliko haradali mara nyingi sana. Je, Evanjili imekosa? Haikukosa. Bwana wetu alikuwa akisema na wakulima wa Galilaya juu ya mbegu ambazo mtu huzitwaa mkononi na kuzipanda shambani mwake, naye alitumia mfano uliokuwa midomoni mwa watu wote. Hakuwa akifundisha elimu ya mimea. Mwenye kusikia mfano asiupime kwa mikroskopi, na mwenye kushika mikroskopi asitafute humo maana ya mfano. Hayo yatosha, turudi kwa mbegu zetu.

Watu wa Ulaya walizipenda orkide kwa shauku kubwa tangu mwanzo wa karne ya 19. Walijenga nyumba za vioo zenye joto, wakatuma watu Amerika ya Kusini na Asia wazitafute. Kazi hiyo ilileta uharibifu. Mwingereza Albert Millican, mwindaji wa orkide kule Kolombia, aliandika mwaka 1891 kwamba kwa kazi ya miezi miwili walipata orkide kama elfu kumi, na kwa kuzipata walikata miti kama elfu nne. Mwandishi huyo anayasema bila kuona haya! Tajiri mmoja wa biashara hiyo, Frederick Sander, alikuwa na nyumba za vioo St Albans ya Uingereza, na nyingine Bruges ya Ubelgiji. Meli zilileta mimea, mingi ikaoza njiani, nao wakatuma watu kutafuta mingine.

Kwa nini hawakupanda mbegu? Walijaribu. Mtunza bustani John Dominy, aliyefanya kazi kwa Veitch kule Exeter, alifundishwa na daktari mmoja, John Harris, ginsi ya kutwaa unga wa ua moja na kuutia katika ua la aina nyingine. Mwaka 1856 orkide ya kwanza iliyozaliwa hivyo, kwa mkono wa mtu, ilichanua. Lakini kuotesha mbegu kulikuwa bahati nasibu. Walimwaga vumbi lile juu ya udongo, juu ya magome, juu ya nguo iliyolowa. Mara nyingi hakikuota kitu. Wengine waligundua kwamba mbegu zilizomwagwa juu ya chungu cha mama yao, karibu na mizizi yake, ziliota mara kwa mara. Kwa nini hapo, wala si pengine? Hawakujua. Waliifanya kuwa siri ya kazi, wakaificha kama mganga anavyoficha dawa yake.

Jibu lilipatikana msituni, si katika nyumba ya vioo. Mwezi wa tano mwaka 1899 kijana mmoja Mfaransa, jina lake Noël Bernard, alikuwa katika utumishi wa askari kule Melun. Alikuwa na umri wa miaka 25, naye alikuwa amesoma elimu ya mimea. Akitembea katika msitu wa Fontainebleau aliona shina la orkide moja ya ajabu, ambayo Wafaransa huiita kiota cha ndege kwa sababu ya mizizi yake iliyosongamana. Orkide hiyo haina rangi ya kijani hata kidogo, ni ya kahawia mwili mzima. Shina lake la mwaka uliopita lilikuwa limeanguka na kufunikwa na majani makavu, na ndani ya mifuko yake mbegu zilikuwa zimeanza kuota zenyewe. Wengi walipita hapo kabla yake pasipo kuinama. Bernard aliziweka chini ya mikroskopi, akaona kwamba kila mbegu iliyoota ilikuwa imejaa nyuzi za uyoga.

Tukisema uyoga, hatusemi ule wa kula wenye kofia, unaouzwa sokoni wakati wa mvua. Twasema nyuzi nyembamba zinazokaa udongoni na katika majani yanayooza, za jamaa moja na ukungu unaouona juu ya mkate wa siku nyingi. Bernard alizitoa nyuzi hizo katika mizizi ya orkide, akazilea peke yake katika vyombo safi, kiisha akazikutanisha na mbegu zisizo na mikrobu yoyote. Mbegu zilizokaa peke yake hazikuota. Mbegu zilizopata uyoga wake ziliota. Sasa siri ya watunza bustani ikawa wazi: chungu cha mama kilikuwa na uyoga wa mama.

Lakini mambo hayakuwa ya urafiki mtupu, na hapa ndipo Bernard alipoonyesha akili kubwa. Aliona kwamba uyoga mwingine, ukiingia katika mbegu, uliiua. Mara nyingine mbegu ndiyo iliyoushinda uyoga, ikaumaliza kabisa, halafu nayo ikadumaa. Mbegu iliota vema pale tu ambapo uyoga uliingia lakini ukazuiwa: nyuzi zinajiviringisha ndani ya chembe za mbegu kama kamba ndani ya kikapu, na mbegu inazimeng'enya kidogo kidogo, ikijilisha. Kwa hiyo Bernard alisema kwamba kuota kwa orkide kuko karibu sana na ugonjwa: ni ugonjwa ambao mgonjwa ameweza kuutawala. Mbegu ikiisha kulishwa hivyo huvimba, inakuwa kidonge cha kijani chenye vinyweleo chini, ambacho wataalamu wanakiita protokormi. Kutoka juu yake jani la kwanza hutokea, na baadaye mzizi. Bernard alikufa mapema, mwaka 1911, kwa kifua kikuu, naye hakufika miaka 37. Kule Ujerumani Hans Burgeff aliiendeleza kazi hiyohiyo.

Basi neno likawa kama limekwisha: pasipo uyoga hakuna orkide. Vitabu viliandika hivyo, na walimu wakafundisha hivyo.

Wandugu mliosoma filosofia, simameni hapa kidogo. Tumefundishwa kutenga causa na conditio. Moto ni sababu ya kuni kuungua. Dirisha wazi ni sharti tu la mwanga kuingia, silo jua lenyewe. Sasa uyoga ni nini kwa mbegu ya orkide? Majaribio ya Bernard yalionyesha mambo mawili: uyoga ukiwapo, mbegu inaota, uyoga usipokuwapo, haioti. Mtu mwenye haraka atasema: basi uyoga ndio sababu ya lazima. Lakini bado neno moja halijaulizwa: uyoga unaleta nini? Mchukuzi akikuletea unga kila juma, nawe siku asipofika unalala njaa, wewe hutasema kwamba unamla mchukuzi. Unakula unga. Akija mtu mwingine na unga uleule, utashiba vilevile.

Swali hilo ndilo aliloliuliza Lewis Knudson, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cornell, kule Ithaca, Marekani. Alijua kwamba Bernard mwenyewe alikuwa ameotesha mbegu kadha katika maji yenye sukari nyingi, pasipo uyoga, ingawa hakulitilia mkazo jambo hilo. Knudson akafikiri: pengine kazi ya uyoga ni kuvunja wanga na vitu vinavyooza, na kuipa mbegu sukari. Kama ni hivyo, tuipe sukari sisi wenyewe. Akatengeneza chakula cha maji, chumvi chache za madini, sukari, na agari, ule mchuzi mgumu unaotoka katika majani ya bahari, ambao mahospitali huutumia kwa kulea mikrobu. Akamimina ndani ya chupa za kioo, akaua mikrobu zote kwa mvuke, akapanda mbegu zilizosafishwa. Ziliota. Zile zilizokosa sukari zilipata rangi kidogo, zikadumaa. Alitangaza habari hiyo kwanza kwa lugha ya Kispania mwaka 1921, kiisha kwa Kiingereza mwaka 1922.

Wengi hawakuamini. Walisema, "Watoto hao wa chupa watakuwa dhaifu, hawatachanua kamwe pasipo uyoga wao." Ubishi huo haukuwa wa kipumbavu, maana orkide inachukua miaka mingi kabla ya kuchanua, na hakuna mtu aliyeweza kujibu mara moja. Knudson hakujibu kwa maneno mengi. Aliendelea kuilea mimea yake, na mwaka 1930 akaandika juu ya orkide iliyozaliwa na kulelewa pasipo uyoga, nayo imechanua. Twaipenda namna hiyo ya kumaliza ubishi. Ingefaa katika mikutano yetu mingine.

Je, Bernard alikosa basi? Kwa maoni yetu, hapana. Msituni hakuna mtu anayemwaga sukari safi chini ya majani makavu, tena mahali pasipo na mikrobu ya kuigombania. Huko mchukuzi ni mmoja tu, naye ni uyoga. Asipofika, mbegu inakufa. Ndiyo maana nchi haikufunikwa na vitukuu vya orkide ya Darwin: mbegu moja katika maelfu inaanguka mahali penye uyoga wake. Bernard alisema kweli juu ya msitu. Knudson alisema kweli juu ya asili ya mbegu yenyewe, kwamba inalotaka ni chakula. Kosa ni la wale waliochukua sheria ya mahali fulani na kuifanya kuwa sheria ya mahali pote.

Tueleze sasa kazi yenyewe, kwa wale walio na shule yenye laboratwari ndogo, au jiko na uvumilivu. Chakula kinachotumika mpaka leo ni kile Knudson alichokitangaza mwaka 1946, wanachokiita Knudson C. Kwa litri moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke weka: nitrati ya kalsi grama 1, sulfati ya amoni nusu grama, fosfati ya potasi robo grama, sulfati ya manyezi robo grama, chuma na manganizi kidogo sana, kiasi cha kupimwa kwa mizani ya famasi, sukari nyeupe grama 20, na agari grama 15 au zaidi kidogo. Kiasi cha ukali wake sharti kiwe cha chini, pH kama 5. Asiye na madini hayo aweza kutumia mbolea kamili ya dukani, kidogo sana, pamoja na sukari na agari. Na watoto wakiisha kukua, wengi huongeza ndizi mbivu iliyopondwa, nao wanaipenda.

Adui wa kazi hii ni yule yule sukari inayemwita. Chakula kizuri kwa orkide ni kizuri zaidi kwa ukungu, na ukungu unakua kwa siku tatu, orkide kwa miezi mitatu. Chembe moja ya vumbi ikiingia, chupa nzima imekwisha. Kwa hiyo chupa zenye chakula sharti zipikwe katika mvuke uliofungwa, joto la digri 121, muda wa dakika 15 au 20. Kuchemsha katika sufuria ya kawaida hakutoshi. Mbegu za ukungu na mikrobu nyingine zinavumilia maji yanayochemka, tena huku kwetu juu maji huchemka kabla ya digri 100: Lubumbashi, iliyo kwenye metri kama 1,200, huchemka karibu digri 96. Mamasera wa dispansari wanayo otoklavi ya kuchemshia vyombo vya daktari. Ikikosekana, sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kufungwa kwa nguvu inafaa.

Mbegu nazo husafishwa. Zitie katika maji yaliyochemshwa, sehemu tisa, na maji ya javeli, sehemu moja, pamoja na tone moja la sabuni, kwa sababu zina hewa ndani na hazikubali kulowa. Zitikise dakika kumi. Kiisha, ndani ya sanduku lenye kioo juu na matundu mawili ya mikono, lililofutwa vizuri kwa javeli, zimwage juu ya agari, funga upesi. Wengine hutumia alkoli na moto ndani ya sanduku hilo. Twawaonya wasifanye hivyo, mvuke wa alkoli huwaka ghafula usoni. Njia nyingine ni kukata mfuko wa mbegu ukingali mbichi, kabla haujapasuka: ganda la nje linasuguliwa kwa javeli, na mbegu zilizo ndani hazina mikrobu bado. Hiyo twaiona kuwa rahisi zaidi kwa mwanzo.

Kisha ni kungoja. Chupa zikae mahali penye mwanga, pasipo jua kali. Baada ya majuma machache vidonge vinavimba na kuwa kijani, kama unga wa majani ya muhogo. Baada ya miezi kadha majani yanaonekana. Watoto wanahamishwa katika chupa nyingine, kwa usafi uleule, ili wasibanane. Wanapofika mwaka hivi wanatolewa, wanaoshwa agari yote mizizini, maana nje ya chupa agari hiyo itawaletea uozo, nao wanawekwa kivulini penye unyevu. Wengi hufa katika majuma hayo ya kwanza, kwa sababu majani yao hayajazoea hewa kavu. Ua la kwanza la orkide za Amerika ziitwazo Kattleya lataka miaka minne mpaka saba tangu kupanda. Mwanafunzi anayepanda katika mwaka wake wa kwanza wa filosofia huenda akaona ua akiisha kupewa upadri.

Njia hii ndiyo iliyogeuza orkide kuwa kazi ya wakulima. Katika bustani ya Singapore, mwaka 1928, mtaalamu Eric Holttum alianza kuzalisha orkide mpya na kuziotesha chupani, na nchi hiyo ikapata biashara ya maua ya kukatwa. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alionyesha njia nyingine, ya kukata ncha ndogo sana ya chipukizi na kuilea chupani, hivi mmea mmoja hutoa maelfu wanaofanana nao kabisa. Orkide za bei ndogo zinazouzwa leo katika miji ya Ulaya zimetoka chupani, wala si msituni. Uwindaji wa akina Millican haukutafutwa tena kwa nguvu ile. Kwa vanila hatuhitaji chupa: yaoteshwa kwa kukata kipande cha mmea. Shida yake ni ua, linalofunguka asubuhi moja tu, nalo huku halina mdudu wa kulisaidia. Charles Morren alilizalisha kwa mkono kule Liège mwaka 1836, na mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, akapata njia rahisi ya kijiti, ambayo wakulima wa vanila wanaifwata hata leo. Tusimsahau mtoto huyo, maana utajiri ulikwenda kwa wengine.

Sasa kikanda. Msomaji wa Katanga aujua mkate huo: viazi vya orkide vya mbugani, vimekaushwa, vimetwangwa, vimepikwa pamoja na unga wa karanga na magadi ya majivu, mpaka vimeshikana, halafu unakatwa vipande kama nyama. Zambia wanauita chikanda, na huko unapendwa hata mjini. Viazi hivyo ni vya orkide za jamaa ya Disa, Satiriumu na Habenaria. Zamani akina mama walichimba kwa chakula cha nyumbani. Leo vinachimbwa kwa magunia, kwa soko. Mabonde ya Zambia yamekwisha kupungukiwa, na wafanyabiashara wamevifuata hata milima ya kusini ya Tanzania. Huko Serikali iliweka Hifadhi ya Kitulo mwaka 2005, mahali penye orkide nyingi sana. Kila orkide ya namna hiyo ina viazi viwili, cha zamani kilicholegea na kipya kilicho kigumu. Mnunuzi anataka kile kigumu, nacho ndicho mmea wa mwaka ujao. Mwenye kukichukua ameua mmea.

Watu husema upesi: basi tupande kikanda shambani, kama muhogo. Au: tutumie chupa za Knudson. Twapenda wazo hilo, lakini sharti tuseme ukweli. Orkide za udongoni ni ngumu kuliko zile za mitini. Mbegu zake zikikomaa huwa na ganda linalokataa maji. Nyingi hazitaki mwanga mwanzoni, na madini ya nitrati yanayofaa Kattleya huzizuia kuota. Zikiota chupani, bado zitahitaji uyoga wake siku zitakapotiwa udongoni, kwa sababu huko Bernard ndiye mwenye neno. Kiazi cha kuvunwa chataka miaka kadha. Hii si kazi ya kumtajirisha mtu kwa msimu mmoja, na atakayewaambia wakulima hivyo atakuwa amewadanganya.

Lakini liko jambo ambalo hata parokia isiyo na laboratwari yaweza kulifanya. Mwaka 1993 Hanne Rasmussen wa Danemark na Dennis Whigham wa Marekani walitangaza njia ya vifuko. Wanatwaa kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo sana, nyuzi za uyoga zipite lakini mbegu zisitoke. Wanatia humo mbegu kidogo, wanafunga, wanazika karibu na orkide kubwa, wakiweka alama kwa kijiti na uzi. Baada ya miezi kadha, au mwaka, vifuko vinafukuliwa na kutazamwa kwa kioo cha kukuza. Hivi wanafunzi wa seminari wakishirikiana na makatekista wa vijiji, wanaojua mabonde yote ya kikanda, wangeweza kuchagua bonde moja, kupatana na akina mama wachimbaji kwamba mifuko michache iachwe ikomae, na kuzika vifuko hamsini kabla ya mvua. Kifuko kikifukuliwa na ndani yake mna protokormi hata tatu, uyoga unaotakiwa upo hapo, na hapo ndipo mbegu nyingine zimwagwe. Kisipokuwa na kitu, wajaribu upande wa pili wa bonde mwaka ufuatao.